Jina Langu Ndani ya Mfuniko wa Saa

Vijana mnaojifunza kazi pale mezani,

Mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu, na mmoja wenu, sitamtaja, akaongeza kwa kicheko kwamba niandike haraka kwa sababu siku hizi watu wanaangalia saa kwenye simu. Nilisikia. Mikono imestaafu, masikio bado. Basi naanza na jambo ambalo hamkulitarajia kutoka kwa mtu aliyeinama miaka yote ile juu ya saa za watu: mimi sikuwahi kujali sana ni saa ngapi. Mke wangu ni shahidi. Nilichelewa misa, nilichelewa arusi, nilichelewa chakula chake kikapoa mara zisizo na hesabu. Nilichopenda ni mashine yenyewe, ile ya chuma na shaba inayotiwa ufunguo asubuhi ikatembea mpaka kesho yake bila kuomba msaada kwa mtu. Kwa hiyo simu zenu hazijaninyang'anya kitu.

Habari za mshahara na vyeo sitaandika. Nitaandika juu ya Musiu Armand, yaani Bwana Armand, Mbelgiji aliyenifundisha, juu ya pazia lake, na juu ya saa moja ya dhahabu iliyonifanya nifukuzwe kazi. Wengine wenu mmesikia kwamba nilifukuzwa kwa sababu ya wizi. Wengine mmesikia nilimpiga mzungu, na kusema kweli habari hiyo ilinipa heshima kubwa pale mtaani kwangu Kadutu, ndiyo maana sikuikanusha mapema. Lakini nilifukuzwa kwa sababu ya jina langu, na sasa mtasikia yote.

Nilianza kazi Bukavu katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Nilikuwa nimetoka kijiji cha Miti, nimesoma kwa mapadri kiasi cha kuandika Kifaransa bila aibu, na nilikuwa nimeoa juzi tu. Duka lilikuwa katika mji wa wazungu, kwenye barabara kubwa, na dirisha lake la kioo lilikuwa limejaa saa. Mimi niliingia kwa mlango wa uani. Katika buku yangu ya kazi Musiu aliandika kwamba nimeajiriwa kuwa mfagiaji.

Ajabu ni kwamba siku ya kwanza hakunipa ufagio. Alikuwa mtu mfupi, mnene, kutoka mji ambao alisema una mvua kuliko Bukavu, jambo ambalo sikuliamini. Alimimina kopo la skrubu juu ya kitambaa cheupe, akanipa koleo ndogo, akasema, “Weka familia pamoja.” Skrubu zile zilikuwa ndogo kuliko mbegu za lengalenga, ule mchicha wetu. Ilipofika jioni nilikuwa nimezipanga zote isipokuwa moja, iliyoniruka. Nikalala kifudifudi, shavu kwenye simenti, nikaitafuta. Yeye naye akalala upande wa pili wa meza. Tukawa tunatazamana chini ya meza, mzungu na mimi, matumbo yetu sakafuni.

“Hapana fagia hapa hata siku moja,” alisema. “Duka ya saa hapana fagia kama nyumba.”

Ndiyo maana hadi leo sakafu yetu inapanguswa kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kinakaguliwa kabla ya kusuuzwa. Mnaponung'unika juu ya jambo hilo, mnamnung'unikia Mbelgiji aliyekufa zamani.

Skrubu ile ilikuwa kwenye mkunjo wa suruali yake.

Wiki ya pili au ya tatu aliniita, akanivika lupu, kile kioo cha jicho, akanisukumia saa iliyofunguliwa mfuniko. Nikaona balansiye kwa mara ya kwanza, lile gurudumu dogo linalokwenda na kurudi, na ndani yake uzi wa chuma mwembamba kuliko unywele, unajikunja na kujikunjua. Nilikuwa nimefikiri saa ni sanduku lenye siri ya wazungu ndani, kitu cha kuzaliwa nacho au kukikosa. Kumbe kila kitu kilikuwa wazi. Jino linasukuma jino, ukitazama kwa uvumilivu unaona kwa nini hili linatembea na kwa nini lile limesimama, na hakuna mahali popote pale ndani palipoandikwa kwamba mtu wa Miti hawezi kuelewa. Nilipenda. Sina neno lingine, na sioni haya kuliandika. Nilipenda kama mtu anavyopenda mwanamke, na mke wangu Cibalonza alilijua hilo kabla sijamwambia.

“Leo ulishika saa ngapi?” aliniuliza jioni moja.

“Nne.”

“Na miye utanishika siku gani?”

Musiu Armand alikuwa mwalimu mzuri. Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu kuna watakaotaka nimtukane, nami sitamtukana. Alinifundisha kunoa bisibisi kabla ya kugusa skrubu. Alinifundisha kufunga aproni yake kwenye ukingo wa meza ili kitu kikianguka kiangukie mapajani. Neno lake kubwa lilikuwa hili: “Hapana sukuma. Ikikataa, weye njo umekosa,” yaani ndiwe mwenye kosa. Mimi pia nilimfundisha jambo. Kusafisha zile ncha nyembamba za magurudumu alitumia kiini cha mti fulani wa Ulaya, kilichokuja kwa meli na kuisha kila mara. Nilimletea kiini cha bua la muhindi kutoka shamba la Cibalonza, kikavu, cheupe, laini. Alicheka, akakiweka pembeni. Mzigo wa Ulaya ulipochelewa alikijaribu, na tangu siku hiyo hakuagiza kingine. Hakusema asante. Alisema tu, “Kesho lete tena.”

Sasa pazia. Kati ya duka na karakana palikuwa na pazia la kijani, zito, lililofika chini. Wateja walikaa upande wa mbele na Musiu, mimi nilikaa nyuma. Mwanzoni nilidhani ni kwa ajili ya vumbi. Mwaka wa pili nikaelewa. Macho ya Musiu yalikuwa yanakwisha na mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka, kidogo tu, lakini katika kazi hii kidogo ndiyo yote. Alipokea saa mbele, akaniletea nyuma, nikaifungua, nikaiosha kwa benzini, nikaiunga, nikamrudishia. Yeye akaipeleka mbele akiwa amevaa lupu kwenye paji la uso. “Ilinipa taabu hii,” alimwambia mteja kwa Kifaransa, nami nyuma ya pazia nikimsikia na kujiuliza ilimpa taabu gani.

Hata hilo ningelivumilia. Lililonishinda ni alama.

Ninyi mnajua desturi yetu. Fundi akimaliza saa huchukua sindano na kuandika ndani ya mfuniko, herufi ndogo ambazo mwenye saa hazioni maisha yake yote. Ni fundi mwingine tu atakayezisoma siku atakapoifungua. Hivyo ndivyo tunavyosalimiana, mafundi wa saa wa dunia nzima. Nilikuwa nafungua saa na kukuta alama tano, sita, za watu ambao sitawaona kamwe, nami nilizisoma zote kabla ya kugusa kitu kingine. Niliwajua. Huyu alikuwa mvivu, huyu alikuwa na mkono mzuri, huyu alikaza kila skrubu kama anafunga mlango wa gereza. Musiu naye alikuwa na alama yake, herufi mbili na namba. Mkono wake ulipozidi kutetemeka, sindano ikawa inachora matope. Siku moja akanipa sindano ile.

“Andika alama yangu,” alisema.

Nikaandika. Kwa mkono wangu mwenyewe, chini ya kazi ya mkono wangu mwenyewe, nikaandika herufi za mtu mwingine. Siku hiyo nilirudi Kadutu kwa miguu nimekasirika kiasi kwamba nilipita nyumba yangu nikafika kwa jirani. Niliziandika herufi zile mwaka mzima, nazo zilitoka nzuri kuliko alivyowahi kuziandika yeye.

Jina langu niliandika mara ya kwanza ndani ya saa ya katekista wa Miti. Mzee huyu alikuwa amesikia kwamba saa inahitaji mafuta, na kwa kuwa kwetu Bushi mafuta ya heshima ni siagi ya ng'ombe, aliifungua saa ya misioni kwa kisu na kuijaza siagi. Ilitembea robo ya siku, ikagoma. Alipoileta dukani ilikuwa inanuka kama kibuyu cha zamani, na Musiu aliirudisha kwa vidole viwili. Nikamwambia mzee aje Jumapili, nyumbani kwangu. Mchana ule baada ya misa niliitengeneza mezani kwa Cibalonza, kwa vijiti vya kuchonga na kopo la benzini, naye akafungua madirisha yote akilalamika kwamba nyumba imekuwa zizi. Nilipomaliza nikachukua sindano. Sikuandika herufi mbili. Herufi mbili zinaweza kuwa za mtu yeyote, hata Mbelgiji. Niliandika “Mugisho, Kadutu”. Jina lote, na mtaa wangu, ili fundi atakayefungua asiwe na shaka hata kidogo.

Nililitazama jina lile kwa lupu muda mrefu. Tangu siku hiyo saa zote za watu wetu nilizotengeneza Jumapili zilitoka na jina langu. Na kila Jumatatu nilirudi nyuma ya pazia, nikaandika jina la mwingine.

Kisha ikaja saa ya dhahabu. Mwenyewe alikuwa mzungu mwenye shamba la kwinini huko juu Kabare, mtu mrefu aliyezungumza na kila mtu kama yuko ng'ambo ya bonde. Ilikuwa saa ya mfukoni, nyembamba, ya baba yake. Ugonjwa wake ulikuwa mbaya kuliko yote katika kazi hii: ilisimama kwake, kwetu haikusimama. Akiiacha mezani kwetu inatembea siku nne bila kosa. Akiitia mfukoni, kabla ya kufika Kabare imekufa. Musiu alinifanya niioshe mara tatu. Mara ya tatu mwenye shamba alisema ikisimama tena ataipeleka kwa fundi wa Usumbura, na huko atawaeleza kwa nini ameiondoa kwetu.

Mara ya nne nikaiomba. Nilimwambia Musiu aniachie siku nzima bila kunipa kazi nyingine. Hapo sikugusa gurudumu lolote. Nilianza na ninachoanza nacho siku zote, kusoma majina ndani ya mfuniko. Palikuwa na alama nne za Ulaya na ya tano ya Musiu, ya zamani kidogo, ya siku alizokuwa bado anaandika mwenyewe; saa iliyokuwa bado inagoma hatukuitia alama mpya. Na katikati ya alama hizo palikuwa na nukta inayong'aa, ambayo mara tatu za kwanza, kwa haraka, iliniponyoka. Nukta moja tu, ndogo, kama imesuguliwa kwa ncha ya kitu. Fundi asiyesoma majina asingeiona.

Nikalinganisha mfuniko na mashine. Nukta ililala sawasawa juu ya skrubu inayoshika daraja la balansiye, kile kibati kinachoishikilia kwa juu. Nikaitoa skrubu ile nikaiweka kando ya wenzake. Kichwa chake kilizidi vya wenzake kwa unene wa karatasi. Haikuwa ya saa ile. Kuna mtu aliyeweka skrubu ya familia nyingine, na kwa kuwa dhahabu ya mfuniko ilikuwa nyembamba, mwenye shamba alipoketi kwenye gari lake saa ilibanwa mfukoni, mfuniko ukakandamiza skrubu, skrubu ikakandamiza daraja, na balansiye ikakabwa shingo. Mezani hakuna aliyeibana, kwa hiyo ilitembea.

Nilijua pia ni nani aliyeiweka. Alama ya mwisho ilikuwa ya Musiu.

Nikatafuta skrubu ya kweli katika makopo, nikaitia, nikafunga mfuniko na kuubana kwa dole gumba kwa nguvu zangu zote. Ikatembea. Niliiweka kwenye mfuko wa suruali yangu nikakaa kwenye kiti kigumu, nikainama, nikasimama, nikakaa tena. Ikatembea. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikachukua sindano, na nikiwa nimeishika nikasikia sauti ya Musiu nje ya pazia ikimwambia mteja fulani kwamba saa yake ilimpa taabu.

Nikaandika “Mugisho, Kadutu”. Chini ya alama yake, kwa herufi zangu nzuri. Sikuwa mlevi wala sikujisahau. Nilijua saa ya dhahabu ya mzungu si saa ya katekista. Nilifunga mfuniko nikampelekea Musiu, na kwa macho yale hakuifungua.

Ilitembea miezi. Tatizo halikuwa saa. Mwenye shamba alivunja kioo cha saa akiwa safarini Usumbura, akaipeleka kwa fundi wa kule abadilishe kioo, na fundi yule, kama fundi yeyote mwenye adabu, alifungua mfuniko akasoma majina. Wanasema alicheka sana. Alimwuliza mwenye shamba tangu lini anatengenezewa saa ya baba yake kwenye mitaa ya weusi.

Mwenye shamba alirudi dukani Jumanne asubuhi, hakuvua kofia. Nilisikia kila neno nyuma ya pazia. Mwisho Musiu akaingia karakana, uso wake mwekundu, akasema kwa sauti ya chini.

“Mugisho. Uliandika jina yako mu saa ya muteja?”

“Ndiyo, Musiu.”

“Sikia. Sema ulicheza tu. Sema miye nilitengeneza, weye uliikuta ku meza ukaandika ya kucheza. Unaomba pardon, unaisugua mbele yake, anaenda. Siye tunarudi ku kazi.”

“Na kama sisemi?”

“Nitaandika mu buku yako.”

Siku hizo kila mfanyakazi mweusi alikuwa na buku ya kazi, na mwajiri aliandika humo umeondoka kwa nini. Ukiwa na maneno mabaya humo hakuna duka lililokupokea, na mtu asiye na kazi hakukaa mjini. Alirudishwa kijijini kwake na jamaa yake yote. Cibalonza alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Msifikiri sikumkumbuka. Nilimkumbuka, nikaogopa. Lakini nilikuwa nimeomba pardon, yaani radhi, kwa kazi nzuri mwaka mzima kila nilipoandika herufi zile, na nikaona kwamba nikiisugua hii nitasugua hadi nizeeke.

Nikavuta pazia mwenyewe, nikatoka mbele. Sikuwahi kusimama pale mchana, dukani kukiwa na wateja.

“Weye njo Mugisho?” mwenye shamba aliuliza kwa sauti ya ng'ambo ya bonde.

“Ni miye.”

“Nani alikupa ruhusa ya kuandika mu saa ya baba yangu?”

“Musiu, naomba nikuulize. Saa iko inatembea?”

“Inatembea.”

“Tangu nilikurudishia, ilisimama hata siku moja?”

“Hapana.”

“Basi, miye njo niliitengeneza. Mwenye kutengeneza anaandika jina. Njo desturi ya kazi, hata huko Ulaya. Uliza Musiu Armand.”

Musiu hakuulizwa. Ningeweza kusema zaidi. Ningeweza kuitoa skrubu ile ndefu, niliyoihifadhi kwenye kikaratasi, nikaiweka juu ya kioo cha meza na kuonyesha ilikotoka. Mwenye shamba angefahamu mara moja. Nilimtazama Musiu, mkono wake wa kulia ameuficha nyuma ya mgongo, nikaona siwezi. Alinifundisha kazi. Nilitaka jina langu, sikutaka lake.

“Sugua,” mwenye shamba alisema, akaisukuma saa upande wangu.

“Hapana, Musiu. Sisugui. Mwingine asugue kama anaweza.”

Musiu akaichukua, akavaa lupu, akashika kijiti cha kusugulia. Mkono ukatetemeka juu ya dhahabu. Aliishusha saa, akaitazama, akaiinua tena. Mwisho akamrudishia mwenyewe na kusema kwa Kifaransa kwamba mfuniko ni mwembamba mno, ukisuguliwa utatoboka. Hilo halikuwa kweli hata kidogo. Kisha akaniambia nilete buku yangu.

Aliandika polepole, amenipa mgongo. Aliandika muda mrefu kuliko ilivyotakiwa kwa neno “amefukuzwa”. Akaipiga muhuri, akaifunga, akanipa bila kunitazama, nami nikatoka kwa mlango wa mbele.

Nyumbani nilimweleza Cibalonza yote. Alikaa, mikono juu ya tumbo.

“Uliandika jina yako mu saa ya muzungu,” alisema mwisho.

“Ndiyo.”

“Na yangu hukuandika?”

Tukacheka mpaka tukalia, kisha tukalia bila kucheka. Akaniambia nisome Musiu ameandika nini. Nikakataa. Ninyi mnaniona mtu jeuri, na jeuri ninayo, lakini siku mbili buku ile ilikaa juu ya kabati imefungwa na sikuthubutu kuigusa. Nilitazamia neno “mwizi” au “mkaidi”, na nilitaka kulisikia mara moja tu.

Siku ya tatu ilinibidi nijionyeshe ofisini, kwa sheria. Karani alikuwa Mukongomani mwenzangu, tai shingoni, mezani kwake kidau cha wino na mihuri kadhaa. Niliweka buku mbele yake nikasubiri kuambiwa siku ya kurudi Miti. Akafungua, akasogeza miwani, akasoma kwa sauti, akiugeuza Kifaransa kuwa Kiswahili kadiri alivyokwenda. Mwandiko ulimpa shida kwa sababu herufi zilitetemeka.

“‘Amefukuzwa. Aliandika jina yake mu saa ya muteja,’” alisoma, akasogea karibu na karatasi. “‘Kiisha kuitengeneza.’”

Akanitazama. “Ndugu, hii ni mambo mubaya.”

“Soma tena mwisho.”

“‘Kiisha kuitengeneza.’”

“Nani aliitengeneza?”

Alifuata mstari kwa kidole. “Weye. Iko imeandikwa weye: uliitengeneza kwanza, kiisha ukaandika jina.”

Mpaka leo sijui kama Musiu Armand aliteleza au alikusudia. Aliyoshindwa kuyasema mbele ya mteja wake alikuwa ameyaandika kwa wino na kuyapigia muhuri wa duka. Nikasogea karibu na meza ya karani.

“Papa karani,” nilisema, “pale juu, ku kazi, kumeandikwa nini?”

“Mufagiaji.”

“Kata. Andika orloje, fundi wa saa. Nitaweka meza yangu Kadutu.”

Akacheka. “Orloje ni bazungu, ndugu. Na weye umefukuzwa.”

“Nimefukuzwa, ndiyo. Lakini mufagiaji hatengenezi saa. Patron yangu mwenyewe ameshuhudia, muhuri njo ule. Ukiandika mufagiaji, muhuri inasema bongo, inadanganya.”

Alitazama mlango wa bosi wake, uliokuwa wazi nusu. Alitazama muhuri. Akachovya kalamu, na kalamu ikakaa juu ya karatasi bila kushuka.

“Na bakiniuliza?”

“Uwaonyeshe mstari.”

Akakata neno la zamani, akaandika jipya juu yake. Alitaka kufunga buku upesi, kabla mtu hajapita. Nikaweka kiganja changu katikati ya kurasa, nikamwambia asiifunge, tungoje kwanza wino ukauke.